Futi Haikukutana: Maneno Niliyoyasema Ngamiani Kuhusu Unene na Upasuaji wa Tumbo

Wenzetu waliokosa kuja Ngamiani, hapa Tanga, Jumamosi kwa sababu ya msiba wa Makorora wameomba niyaandike niliyoyasema. Haya hapa, kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mama zangu, shoga zangu, wifi zangu mliojaza mikeka ya mbele, na nyinyi kina baba mliosimama mlangoni: ingieni, kaeni. Maneno haya ni yenu pia.

Mnanijua. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 22 huu nashona hapa hapa Ngamiani. Wengi wenu futi yangu imepita viunoni mwenu. Nimewashonea sare za harusi, nimewashonea za maulidi, nimewaongezea inchi mbili mwaka huu na inchi mbili mwaka ujao, na nimenyamaza, kwa sababu siri ya mteja ni amana. Leo sitamtaja mtu. Nitajitaja mwenyewe.

Futi ya fundi ina inchi 60. Ukiigeuza upande wa pili ni sentimita 150. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba futi ina mwisho. Siku mbili kabla ya Idi, nimeshamaliza nguo za watu, nikafunga mlango nijipime gauni langu. Kifua nikapima. Nikazungusha futi nyongani. Haikukutana. Nikavuta tumbo ndani, nikabana pumzi, nikajaribu tena. Haikukutana. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia mpaka adhana ya Alasiri.

Asubuhi yake nikaenda kupanda mzani. Kilo 128. Urefu wangu ni mita 1 na sentimita 60.

Sasa nataka niwaulize. Nilipoolewa nilikuwa na kilo 61. Nilipofika 75, mkasema ndoa imenikubali. Nilipofika 90, nikaitwa jimama, na lilikuwa jina la sifa. Mama mkwe akatembea kifua mbele kwamba mwanawe anajua kulisha. Nilipopita 110 jina likageuka, nikawa bonge, na konda wa daladala akanidai nauli ya siti mbili mbele za watu. Niambieni, ni kilo ya ngapi ile ambayo sifa iligeuka tusi? Na katika miaka yote hiyo, ya sifa na ya tusi, ni nani aliyeniuliza kama nalala usiku?

Nilikuwa silali. Mume wangu ndiye aliyekuwa akilala nusu nusu, kwa sababu nilikuwa nikikoroma, halafu kimya, pumzi imekatika kabisa, kisha nashtuka kama mtu aliyeibuka toka majini. Ananitikisa, narudi kukoroma. Tulidhani ni uchovu. Kumbe shingo na koo zimejaa mafuta, njia ya hewa inajifunga mtu akilegea usingizini. Mchana nasinzia juu ya cherehani. Presha ilikuwa juu. Magoti yaliuma hata kupanda ngazi tatu za benki. Haya yote ni mti mmoja, lakini sisi tulikuwa tunatibu tawi tawi: leo dawa ya presha, kesho dawa ya kuchua magoti, keshokutwa maji ya kusomewa ya usingizi.

Nitawafundisha hesabu ndogo, na mtu ajifanyie kimya kimya. Chukua uzito wako kwa kilo. Ugawanye kwa urefu wako kwa mita. Jibu utakalopata, ligawanye tena kwa urefu ule ule. Mimi: 128 kwa 1.6 ni 80. 80 kwa 1.6 ni 50. Namba hiyo ndiyo wanayoiita BMI. Kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25, uzito uko sawa na urefu. Kuanzia 25 umezidi. Kuanzia 30, ni unene ambao Shirika la Afya Duniani linauhesabu kuwa ugonjwa. Kuanzia 40 ni unene mkali, na mtu wa urefu wangu anafika hapo akiwa na kilo 102 na ushee. Mimi nilikuwa kwenye 50.

Na msidhani nasimulia habari ya mtu mmoja. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulipima wanawake wa nchi hii wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Tazameni mkeka mliokalia, mhesabu.

Mtaniambia: fundi, si ungepunguza kula tu?

Mama zangu, nilipunguza. Wallahi nilipunguza. Niliacha wali wa nazi, niliacha mandazi ya asubuhi, niliacha soda. Nilikunywa maji moto na ndimu mpaka meno yakaingia ganzi. Nilinunua majani ya kukata tumbo kwa mtu wa mnadani, nikaharisha siku nne. Nilitembea kila alfajiri mpaka Raskazone na kurudi, na wapo humu waliokuwa wakinipungia mkono. Katika miezi 8 nilishuka kilo 17. Mlinipongeza. Katika mwaka na nusu uliofuata zilirudi kilo 21, na hapo hakuna aliyekuja kuniuliza, ila nilisikia mnasema nimeshindwa kujizuia.

Nilijiona mtu mdhaifu. Mpaka daktari mmoja akanikalisha, akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia fundi. Akaniuliza: ukivuta lastiki ya sketi ukaiachia, inafanyaje? Nikamwambia inarudi. Akasema mwili uliokaa na uzito mkubwa miaka mingi ndivyo ulivyo. Ukiuvuta chini, unavuta kurudi. Mwili haujui kwamba unataka kupendeza Idi. Mwili unadhani kuna njaa nchini, unajitetea.

Akanieleza na namna unavyojitetea. Kuna homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe, leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayopeleka habari kwenye ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, habari hiyo inapungua, ubongo unaamuru mtu atafute chakula. Kuna nyingine, grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, inayotoka zaidi kwenye sehemu ya juu ya tumbo la chakula. Hiyo ndiyo inayokuambia una njaa. Mtu anayejinyima, grelini yake inapanda, na inabaki juu muda mrefu.

Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito. Watafiti waliwafuatilia washindani 14, wakatoa matokeo mwaka 2016. Miaka sita baada ya mashindano, wengi wao uzito mwingi ulikuwa umerudi. Na miili yao ilikuwa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa maumbo yao. Kalori 500 ni kama sahani nzima ya wali mkavu. Mwenzako anakula sahani ile na hanenepi. Wewe ukiila, inakaa. Kila siku. Kwa miaka. Sasa niambieni, huo ni ulafi?

Sisemi watu waache kutembea. Sisemi watu wafakamie mafuta. Mwenye namba 27 au 29, mlo na kutembea vinaweza kumtosha, na nitamsukuma aende Raskazone nami leo hii. Ninamsemea yule aliyefika 40, 45, 50. Huyo kumwambia "kula kidogo" ni kama kumwambia mwenye pumu avute hewa vizuri.

Nikafika kwenye upasuaji.

Nilifanyiwa katika hospitali moja Dar es Salaam, miaka miwili na nusu iliyopita. Niliuza kiwanja changu cha Pongwe, na fedha nyingine nikakopa kwenye kikoba, mnajua, mmenikopesha nyinyi. Ni matibabu ya gharama kubwa, na hilo linaniuma, kwa sababu fundi mwenzangu asiye na kiwanja afanyeje?

Nitawaelezea kifundi, nadhani hivyo mtanielewa. Tumbo la chakula ni kama mfuko uliopinda. Kwangu walilipunguza kama mnavyoniletea gauni pana niliingize ubavuni: wakapita kwa urefu, upande mmoja ukabaki mwembamba kama mkono wa nguo, upande wa pili, kama asilimia 80 ya tumbo lote, ukakatwa ukatolewa. Mshono si wa uzi, ni wa pini ndogo ndogo za chuma. Na ile sehemu ya juu inayotoa grelini kwa wingi imo katika kilichotolewa, ndiyo maana njaa yenyewe inapungua, pamoja na nafasi ya kuweka chakula. Hawakunipasua tumbo wazi. Walitoboa matundu matano madogo, kamera ikaingia kwenye moja, vifaa kwenye mengine, nikiwa kwenye nusu kaputi.

Lakini sikilizeni tofauti moja. Gauni nikiliingiza nabakiza kitambaa ndani, ukinenepa nalifumua. Tumbo lililokatwa halifumuliwi. Hakuna pindo lililobaki. Mtu aende akijua hivyo.

Kuna aina ya pili. Juu kabisa ya tumbo wanatenga kifuko kidogo cha kama mililita 30, hakifiki ujazo wa yai, kisha utumbo mwembamba unakatwa na kuungwa kwenye kifuko hicho, chakula kinaruka tumbo kubwa na mwanzo wa utumbo. Aina hii ilianzishwa Iowa, Marekani, miaka ya 1960, na daktari Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito. Si jambo la jana, basi, wala si majaribio.

Kwenye kitanda cha jirani wodini alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka kusini, yeye alifanyiwa hiyo ya pili. Kisukari kilikuwa kimemkalia miaka 11, anajichoma insulini asubuhi na jioni. Siku ya tatu muuguzi akampima sukari, akarudia kumpima, akamwita daktari. Ilikuwa imeshuka, na huyo mama alikuwa hajapungua hata kilo mbili. Nilidhani mashine mbovu. Daktari akatueleza kwamba utumbo ukibadilishwa njia, homoni zake zinabadilika, na kongosho, inayotoa insulini, inaanza kufanya kazi vizuri kabla hata uzito haujashuka. Walimpunguzia insulini kabla hajatoka. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huu." Hakusema zaidi. Kwa wengine sukari hurudi baada ya miaka, hilo nalo aliambiwa, na bado anapima.

Uswidi walianza mwaka 1987 kufuatilia watu 4,047 wenye unene mkubwa, karibu nusu yao waliopasuliwa na waliobaki waliopata matibabu ya kawaida. Matokeo ya vifo yalitolewa mwaka 2007. Baada ya kusawazisha umri, jinsia na maradhi waliyokuwa nayo, hatari ya kufa kwa waliopasuliwa ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 29. Kwa hiyo nasema ni matibabu. Urembo ni habari nyingine.

Haya, na hatari? Zipo, na atakayewaambia hazipo msimpe mwili wenu. Mshono unaweza kuvuja. Damu inaweza kutoka ndani. Donge la damu linaweza kupanda kutoka mguuni mpaka kwenye mapafu, ndiyo maana jioni ile ile walinisimamisha nitembee huku nalia. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulifuatilia watu 4,776, na ndani ya siku 30 walikufa asilimia 0.3. Ni watatu katika kila elfu, tena kwenye hospitali zenye uzoefu. Muulize daktari wako: umefanya wangapi? Nikivuja usiku, nani yuko zamu? Swali hilo si utovu wa adabu. Mimi nikikabidhiwa kitambaa cha bei mbaya naulizwa nimeshona wangapi.

Kosa langu lilikuwa baada ya hapo. Wiki za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, kisha uji, kisha vya kupondwa, chakula cha kawaida kinarudi taratibu baada ya mwezi na zaidi. Wiki ya tano nilikuwa natapika kila kitu. Nikanyamaza. Jirani akanituliza kuwa ni tumbo linazoea, nami sikutaka kusikia watu wakisema "tulikuambia". Nikatapika wiki mbili. Vidonge vya vitamini navyo vikawa vinatoka. Siku moja nakanyaga pedali ya cherehani, mguu siuhisi. Nikisimama, napepesuka. Mume wangu akanibeba kurudi Dar es Salaam usiku ule ule. Ilikuwa upungufu wa vitamini B1, na walinichoma sindano kabla ya kuniwekea dripu ya sukari. Daktari alikuwa mkali: ningechelewa, ungefika kwenye ubongo. Kwa hiyo ukisikia mtu aliyepasuliwa tumbo anatapika siku ya pili, ya tatu, usimpikie tangawizi. Mpeleke hospitali.

Vidonge vile ni vya maisha. Vitamini, madini ya chuma, kalsiamu, B12, na kupima damu kila mwaka. Nywele zilikatika mwezi wa nne, zikaota tena. Kiungulia ninacho, sikuwa nacho zamani. Ngozi ya mikono inaning'inia, najishonea mikono mirefu. Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga kwa sababu hata maji nilikuwa nayanywa mafunda madogo madogo mchana kutwa, nililipa baadaye. Na wale wa aina ya pili, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua dukani kama pipi ni mwiko kwao, zinawatoboa vidonda pale palipoungwa.

Kina baba, hili nalo ni lenu: mwanamke aliyepasuliwa anaweza kushika mimba kwa urahisi kuliko mwanzo, na madaktari wanataka asubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Msimharakishe.

Sasa niseme lililonichoma kuliko kisu.

Nilipoanza kupungua, hamkusema kapona. Mlisema kaupata, Ukimwi. Mteja niliyemshonea kwa miaka 15 alihamisha nguo zake kwa fundi mwingine, nikaambiwa anaogopa sindano zangu za cherehani. Wengine waliojua kuhusu upasuaji wakasema kajikatisha utumbo kwa uvivu, kafuata njia ya mkato. Njia ya mkato! Kiwanja kimeuzwa, tumbo limekatwa, mguu umekufa ganzi, kidonge kila asubuhi mpaka kaburini, hiyo ndiyo njia ya mkato? Mwenye presha akimeza dawa mnamwita mvivu? Aliyefungwa plasta ya mfupa mnamwambia kakwepa maumivu?

Na kwenye shughuli. Jamani, shughuli zetu za Tanga. Sinia la pilau linawekwa, nachukua vijiko vitatu, natafuna mpaka kinakuwa uji, nimeshiba. Mwenye nyumba ananijia, "Mbona wanisusia chakula changu?" Mara ya kwanza nilikula ili nisimvunjie heshima. Niliumwa kifua nikadhani nakufa, nikatapikia nyuma ya nyumba ya watu. Siombi mengi. Nikisema nimeshiba, niamini.

Miezi kadhaa iliyopita alinijia binti, kavaa vizuri, anaolewa baada ya miezi mitatu. Anataka nimpe namba ya daktari wangu apunguze tumbo. Nilimpima urefu, nikampandisha mzani. Namba yake ilikuwa 26. Nikamwambia, mwanangu, hiki si chako. Akakasirika. Nikamshonea gauni zuri, akaolewa, mmemwona. Tangu mwaka 1991 kipimo cha anayestahili kupasuliwa kilikuwa 40 na zaidi, au 35 kwa mwenye kisukari, presha na mengineyo. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vililegeza: 35 hata bila maradhi mengine, na 30 kwa mwenye kisukari anaweza kufikiriwa. 26 haimo popote. Hata puto, ambalo hospitali ya Mloganzila wamekuwa wakiwawekea watu tumboni kwa njia ya mdomo, linatolewa baada ya miezi kadhaa, na lina masharti yake.

Nani aanzie wapi? Aanzie hospitali ya Bombo, kwenye kliniki. Apimwe uzito, presha, sukari. Aulize kuhusu mlo, kuhusu dawa, na kama namba yake inafika, aulize kuhusu upasuaji bila kunong'ona. Aombe rufaa. Aende na mtu wa kumsikilizia, kwa sababu siku hiyo masikio huziba.

Mimi leo nina kilo 88. Nilishuka hadi 84, nne zimerudi, na daktari aliniambia zitarudi kidogo. Namba yangu ni 34. Sijawa mwembamba, na hakuna aliyeniahidi wembamba. Dawa ya presha nimebaki na kidonge kimoja kati ya vitatu. Nalala. Mume wangu analala.

Kitu cha kwanza nilichonunua niliporudi kazini ni futi hii hapa. Ni ndefu, ina inchi 120. Dukani kwangu hakuna tena mwanamke atakayeambiwa futi haijafika.

Mzani uko kule nyuma ya pazia la khanga, na dada muuguzi amekaa hapo, anayesoma namba ni wewe na yeye tu. Mama zangu wakubwa watangulie. Na baba yule wa shati la kijani aliyeniuliza swali kwa kunong'ona nilipoingia, naye aje, nafasi yake nimemwekea.